Sekunde nne za Mustang: kwa nini ndege ya rimoti ilianguka ikipaa

Kisa chenyewe ni kifupi. Ndege ya rimoti ya mfano wa P-51D Mustang, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita Kuu vya Pili vya Dunia, ya foamu, yenye upana wa mabawa wa mita 1.2, ilirushwa kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa nyasi nje kidogo ya Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, siku yenye joto la nyuzi 27. Ilikimbia, ikaacha ardhi, ikainua pua, ikalala kushoto, ikapinduka na kugonga chini kwa ncha ya bawa la kushoto. Tangu magurudumu yaachane na nyasi hadi kishindo ni sekunde nne. Hakuna aliyeumia. Mtu mmoja alikuwa akirekodi kwa simu, na bila video hiyo uchambuzi huu usingewezekana.

Mwenye ndege ni kijana makini aliyejifunzia kwenye ndege ya mazoezi yenye mabawa juu ya bodi, na aliirusha ile vizuri kwa muda mrefu. Aliponiletea mabaki alikuwa ameshafikia uamuzi wake. "Kaka, mawimbi yalikatika. Nilipeleka eleroni kulia kabisa na haikunisikia." Eleroni ni vibao vya kwenye mabawa vinavyoilaza ndege kulia au kushoto. Waliokuwepo walikuwa na maelezo mengine mawili: wengine walisema upepo, wengine wakasema Mustang ni ndege ngumu tu. Maelezo hayo matatu nimeyasikia karibu kila ndege ya kivita ya rimoti inapoanguka, na yananisumbua kwa sababu mtu akiyakubali hana cha kurekebisha. Ataunda nyingine vilevile, na itaanguka vilevile.

Tuanze na mawimbi, maana hilo linapimika. Tuliondoa kilichobaki cha propela, tukawasha rimoti, tukaunganisha betri. Eleroni zote mbili, elevata (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) na usukani wa mkia (unaogeuza pua kulia au kushoto) viliitikia bila kusita. Hilo peke yake halitoshi, kwa sababu mawimbi yanaweza kukatika hewani na kurudi ardhini. Lakini risiva za 2.4 GHz, yaani vipokezi vya mawimbi vilivyo ndani ya ndege, zikipoteza mawimbi huenda kwenye mpangilio wa dharura, na kwenye ndege hii mpangilio huo huzima mota. Tuliujaribu kwa kuzima rimoti na ukafanya kazi. Kwenye video, mlio wa mota hausiti hata kidogo hadi kishindo. Mapanga yote mawili ya propela yalikatikia karibu na kitovu chake, yaani propela ilikuwa ikizunguka kwa nguvu ilipokutana na ardhi. Na kuna ushahidi mwingine unaomaliza mjadala: ukisimamisha video wakati ndege inaanza kulala, unaiona eleroni ya bawa la kushoto ikishuka, kama alivyoamuru. Ndege ilimsikia na kumtii, na utii huo ndio ulioiangusha. Nitafika hapo.

Upepo hauhitaji maneno mengi. Utepe uliofungwa kwenye kijiti pembeni mwa uwanja unaonekana ukining'inia.

Sasa mwendo. Ndege hii ina urefu wa mita 1.05, na simu ilirekodi picha 30 kwa sekunde. Ilipopita mbele ya kamera, hapo hapo ilipoacha ardhi, ilitumia picha tatu kusogea urefu wake mwenyewe. Hiyo ni mita 1.05 kwa sehemu ya kumi ya sekunde, yaani karibu kilomita 38 kwa saa. Kipimo hiki si cha maabara, kinaweza kukosea kilomita mbili au tatu, lakini kila mrushaji anaweza kukifanya na simu yake. Nakipendekeza kwa moyo wote, maana macho yetu hudanganyika sana kuhusu mwendo wa ndege ndogo. Kitu kidogo kikienda polepole huonekana kinakimbia.

Kilomita 38 kwa saa ni nyingi au ni chache? Ndege ilikuwa na uzito wa kilo 1.34 na eneo la mabawa la mita za mraba 0.24. Bawa dogo namna hii, likienda polepole, haliwezi kunyanyua kwa ufanisi wa bawa kubwa la ndege halisi, kwa hiyo nilichukua makadirio ya tahadhari kuhusu uwezo wake wa juu kabisa wa kunyanyua. Ukipiga hesabu kwa hewa ya Mombasa kwenye joto la nyuzi 30, mabawa hayo hupoteza mnyanyuko, yaani hustoli, yakishuka chini ya kilomita 35 kwa saa hivi. Kwa hewa ya uwanja ule wa Nairobi, kikomo hicho kinapanda hadi kilomita 38 au 39. Hewa ya mita 1,700 kwenye nyuzi 27 ni nyepesi kuliko ile ya pwani kwa asilimia 18 hivi, na bawa haliwezi kushika kisichokuwepo. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja ndani ya sanduku havisemi lolote kuhusu hili, kwa sababu watu wengi wanaoviandika na kuvisoma wanaishi karibu na usawa wa bahari. Sisi wa nyanda za juu, Nairobi, Nakuru, Eldoret, Arusha, Iringa, tunapaswa kuongeza wenyewe.

Kwa maneno mengine, ndege iliacha ardhi ikiwa kwenye kikomo chake hasa, bila akiba ya hata kilomita moja. Ndege yenye busara isingepaa kwa mwendo huo. Ingeendelea kukimbia kwenye nyasi hadi ipate akiba. Kwa nini hii ilipaa? Jibu liko mezani, pale ilipoundiwa.

Kuunda ndege ya foamu ya siku hizi ni kazi ya jioni moja. Bodi huja nzima, mota na ESC, yaani kidhibiti cha mwendo wa mota, vikiwa vimeshafungwa. Unapitisha mrija wa kaboni kati ya mabawa mawili, unafunga skrubu, unafunga mkia, unaunganisha waya za vidhibiti kwenye pembe zake, unachomeka risiva. Urahisi huo ndio hatari yake. Wale waliokuwa wakikata balsa, ule mti mwepesi, kwa wembe na kupaka gundi mbavu moja moja walikuwa na wiki kadhaa za kuijua ndege, na kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo ukiiinua ndege inakaa sawa bila kuangukia mbele wala nyuma, walikipima mara nyingi njiani. Leo mtu anaweza kufika uwanjani akiwa hajawahi kuinua ndege yake kwa vidole viwili.

Maelekezo ya ndege hii yalitaka betri ya LiPo (aina ya lithiamu) ya seli nne, yenye uzito wa gramu 240 hivi, isukumwe mbele kabisa ya chumba chake. Betri hiyo ilikuwa imeagizwa na haijafika. Betri za lithiamu husumbua kusafirisha kwa ndege, kila mwenye hobi hii huku kwetu anajua. Kwa hiyo kijana alitumia ya seli tatu aliyokuwa nayo kwenye ndege ya mazoezi, gramu 180. Ilikuwa nyembamba, ikawa inacheza kule mbele, akaifunga milimita 50 nyuma zaidi, mahali ambapo mkanda ulishika vizuri. Alama ya mkanda bado ipo kwenye foamu.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi, na ningependa kila mtu aifanye. Betri ilipaswa kukaa milimita 200 mbele ya kitovu cha uzito. Kupunguza gramu 60 mahali hapo ni 60 mara 200, sawa na 12,000. Kurudisha gramu 180 nyuma kwa milimita 50 ni 9,000. Jumla 21,000, gawa kwa uzito wote wa gramu 1,340, unapata karibu milimita 16. Kitovu cha uzito kilirudi nyuma kiasi hicho. Tulipounganisha mabaki kwa utepe na kuipima ikiwa imegeuzwa juu chini, kama inavyopaswa kupimwa ndege yenye mabawa ya chini, kitovu kilikuwa milimita 76 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa kwenye shina, pale linapoungana na bodi. Maelekezo yalisema 60. Upana wa wastani wa bawa hili ni milimita 200, kwa hiyo 16 ni asilimia 8 ya bawa zima, na kwa ndege ya kivita asilimia 8 ni tofauti kati ya ndege inayojirudisha sawa na ndege inayoendelea kuinua pua hata baada ya wewe kuacha kuvuta.

Juu ya hilo kulikuwa na elevata. Pembe ya plastiki inayobeba waya wa elevata ina matundu kadhaa. Ukifunga waya kwenye tundu la nje, mbali na bawaba, elevata inacheza kidogo. Ukiufunga kwenye tundu la ndani, inacheza sana. Tundu la nje lilikuwa limezibwa na rangi, waya ukawekwa la ndani kabisa. Elevata iliyotakiwa kupanda milimita 12 ikawa inapanda 24. Rimoti yenyewe ingeweza kuipunguza, lakini mipangilio yake ilikuwa ile ya ndege ya mazoezi, iliyohitaji mwendo mkubwa.

Na seli tatu badala ya nne? Nilidhani hapo ndipo penye kosa kubwa, kwa hiyo tuliipima mota baadaye, ndege ikiwa imefungwa kwa kamba mkiani kwenye mizani ya kupimia mizigo ya safari. Kwa seli nne ilivuta kilo 1.6, kwa seli tatu gramu 950. Upungufu mkubwa, lakini gramu 950 kwa ndege ya gramu 1,340 zinatosha kabisa kuirusha Mustang. Betri ndogo haikuiangusha kwa unyonge wake. Iliongeza urefu wa kukimbia, na kukimbia kulipokuwa kurefu kuliko alivyozoea, na uzio wa uwanja ukikaribia, kijana akavuta elevata. Uzito wa betri, au tuseme ukosefu wa uzito wake kwenye pua, ndio uliodhuru.

Sasa zile sekunde nne zinasomeka. Mabawa ya ndege hii yana mistari myeusi na meupe, ile iliyopakwa kwenye ndege za Washirika mwezi Juni 1944 kwa ajili ya uvamizi wa Normandy ili wenzao wasizitungue, na mistari hiyo imetusaidia sana kusoma pembe za mabawa kwenye picha. Elevata inapanda yote. Mkia, ambao ulikuwa umeshainuka, unarudi chini, na pua inapanda zaidi ya nyuzi 20. Kijana anasema aliachia mara moja, na ninamwamini. Kwenye video elevata inarudi kati, lakini pua inaendelea kupanda. Hiyo ni saini ya kitovu cha uzito kilicho nyuma. Mwendo unashuka chini ya kikomo.

Kisha kushoto. Propela ya Mustang huzunguka kulia ukiitazama kutoka kiti cha rubani, na bodi hupokea msukumo wa kinyume, wa kulala kushoto. Tena pua ikiwa juu, panga linaloshuka upande wa kulia huvuta zaidi kuliko linalopanda, na pua inasukumwa kushoto. Kwa mwendo mzuri mkia hulishinda jambo hili bila taabu. Kwa kilomita 35 kwa saa mkia hauna upepo wa kutosha. Dawa yake ni usukani wa mkia kwenda kulia na kushusha pua. Mkono uliojifunzia ndege ya mazoezi haujui hivyo: kwenye ndege zile eleroni hutengeneza kila kitu, na wengi hawagusi kabisa usukani wa mkia wakiwa hewani. Kijana akapeleka eleroni kulia. Eleroni ya kushoto ikashuka ili kulinyanyua bawa la kushoto, lakini kushuka kwake kunaongeza pembe ya bawa dhidi ya upepo, kwenye ncha, pale ambapo bawa la Mustang ni jembamba na limeshafika ukingoni. Ncha ikastoli. Bawa ambalo alitaka kuliinua likaanguka lote, na kadiri alivyosukuma kijiti kulia ndivyo lilivyozidi kuanguka. Kwake ilikuwa kama ndege imeacha kusikia. Ninaelewa kabisa kwa nini alisema mawimbi.

Waliosema Mustang ni ndege ngumu nao wana sehemu ya ukweli, ila wanaiweka pasipo mahali pake. Magurudumu yake yako mbali kutoka moja hadi jingine, mita 3.6 hivi kwenye ndege halisi, wakati ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, hayafiki mita 2. Kwa kukimbia ardhini Mustang ni mpole kuliko wenzake wengi wa vita vile. Ugumu wake ni mizani, na marubani wa wakati huo waliujua vizuri. Ili ndege iweze kusindikiza ndege za mabomu kutoka Uingereza hadi Berlin na kurudi, safari iliyofanyika kwa mara ya kwanza Machi 1944, ilifungwa tangi la galoni 85 za Marekani, lita 320 hivi, nyuma ya kiti cha rubani. Likijaa, ni zaidi ya kilo 200 nyuma ya kitovu cha uzito. Marubani waliamriwa kulitumia tangi hilo mapema, wasifike kwenye mapambano likiwa limejaa, kwa sababu ndege ilikuwa ikikaza kona yenyewe: ukivuta kijiti, kinaanza kuja mkononi badala ya kukinza. Vijana wa miaka ishirini na kitu walipaa na mashine hizo alfajiri zikiwa katika hali hiyo, huku wakiwa na usukani wa mkia uliowekwa nyuzi kadhaa kulia ili kukabiliana na injini ya Merlin. Ninaposhika mfano wa Mustang nakumbuka hilo, na nadhani heshima ya kwanza tunayoweza kuwapa ni kupima kitovu cha uzito kama wao walivyolazimika kukijali.

Matengenezo hayakuwa makubwa. Foamu ya aina ya EPO ikibonyea huvimba tena ukiimwagia maji yanayochemka; pua ilirudi karibu na umbo lake kwa birika moja. Ncha ya bawa iliunganishwa kwa epoksi na kijiti cha kaboni ndani yake. Kwa kuwa epoksi iliongeza uzito nyuma, tulibandika gramu 20 mbele, vile vipande vya kunata wanavyotumia mafundi wa matairi kusawazisha magurudumu. Vina uzito ulioandikwa juu yake na bei yake ni ndogo. Betri ya seli nne ilipofika iliwekwa mbele kabisa na kufungwa kwa mikanda miwili. Kitovu kikapimwa: milimita 58. Kwa safari ya kwanza ya ndege yoyote ya kivita napenda kitovu kiwe mbele kidogo ya maelekezo, kisirudishwe nyuma hadi mrushaji mwenyewe aione haja. Waya wa elevata ulihamia tundu la nje, baada ya kulizibua kwa sindano ya moto, na rimoti ikapewa mwendo wa milimita 12 na ulaini wa asilimia 30 katikati ya kijiti.

Kilichobaki kilikuwa mkono. Kabla ya kurudi kwenye Mustang, kijana aliirusha ndege yake ya mazoezi akikimbia na kupaa kwa usukani wa mkia pekee, eleroni zikiwa kati, hadi kidole cha kushoto kikajua kazi yake. Nilimwomba pia asitazame uzio. Uwanja ule una urefu wa kutosha. Kama ndege haijafika mwendo, unapunguza mota na kuanza upya, na hakuna aibu yoyote katika hilo. (Na vibali: anayetaka kurusha Kenya awasiliane kwanza na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na amwombe mwenye shamba.)

Kupaa kwa pili kulirekodiwa kutoka mahali palepale. Mota ilipandishwa polepole kwa sekunde tatu hivi, elevata ikishikwa juu kidogo mwanzoni ili gurudumu la mkia lishike nyasi, usukani kulia. Mkia ulipanda wenyewe. Aliacha ikimbie. Ilipopita kamera ilisogea urefu wake kwa picha mbili, kilomita 57 kwa saa, na ikaacha ardhi kwa kuguswa tu. Betri kubwa iliongeza gramu 60 na propela ilivuta kushoto kwa nguvu zaidi kuliko mara ya kwanza, lakini akiba ya mwendo ililimeza hilo lote.

Ilipofika juu, mbali na watu, tulifanya jambo ambalo naliona ni la lazima kwa kila ndege mpya: alipunguza mota na kuvuta elevata taratibu mpaka ikastoli kwa makusudi. Ikaangusha bawa la kushoto, vilevile kama kwenye video, bila onyo lolote. Akasukuma pua chini, usukani kulia, mota, na ikarudi sawa baada ya kupoteza kimo kama cha nyumba ya ghorofa tano. Akarudia mara kadhaa. Sasa anajua kwamba chini ya kimo hicho haruhusiwi kuipunguzia mwendo kwenye kona; ikilala nyuzi 45 kikomo chake kinapanda kwa karibu asilimia 20, na ikilala nyuzi 60 kwa zaidi ya asilimia 40.

Alitua kwa magurudumu mawili ya mbele, mota ikiwa robo hadi yalipogusa nyasi. Flapu, vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, bado hazijaguswa. Zitajaribiwa juu kwanza, nusu tu, ili tuone zinainua pua kiasi gani, ndipo rimoti iwekewe elevata ya kuifidia.